Kovu Halikodishwi

Mlio wa masikioni hauonekani kwenye picha yoyote ya hospitali. Askari aliyekaa miaka minne kando ya mizinga, au chini ya mapanga ya helikopta, hurudi uraiani na sauti kama ya nyenze kichwani. Haizimiki usiku wala mchana. Kwa kuwa viungo vyake vyote vipo, mwenyewe hajihesabu kuwa mlemavu. Wizara ya Wanajeshi wa Zamani ya Marekani, ambayo kila mtu huko huiita VA, inamhesabu. Mlio huo ndio unaoongoza kwa idadi katika orodha ya ulemavu uliotokana na utumishi jeshini, na aghalabu hupewa kiwango cha asilimia 10.

Asilimia kumi hiyo humletea mwenyewe fedha kidogo kila mwezi, na wengi huishia hapo. Hawajui kwamba barua ya kiwango cha ulemavu ina kazi ya pili: inampa mwenye biashara ndogo haki ya kushindania zabuni za serikali ya shirikisho ambazo kampuni nyingine haziruhusiwi hata kuzigusa. Kiwango si kitu. Kuna watu ambao VA imekiri kwamba jeraha lao lilitokana na jeshi, ila halijafikia uzito wa kulipiwa fidia, na barua yao inasema asilimia sifuri. Mbele ya kanuni za zabuni, barua ya sifuri na barua ya mia zina uzito mmoja.

Jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza kuwaandikisha wageni wasio na ukaazi wa kudumu, mradi wawe na taaluma za tiba au lugha zilizohitajika jeshini, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Mpango huo, uliojulikana kama MAVNI, ulisimamishwa mwaka 2016. Wengine waliingia kwa mlango wa kawaida, wakiwa na kadi ya kijani. Leo wako Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliovua gwanda na kubaki Texas, Washington, Ohio na kwingineko, na baadhi yao wamefungua kampuni za usafi, za malori, za ulinzi, za kutunza wazee majumbani. Wanazitafutia kazi kwa majirani, kanisani, msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp. Serikali, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini humo, hawaifikirii kabisa kama mteja.

Na fedha zipo. Katika mwaka wa fedha wa 2023, mikataba yenye thamani ya dola bilioni 31.9 ilikwenda kwa kampuni ndogo za wanajeshi wa zamani wenye ulemavu wa kijeshi, sawa na asilimia 5.07 ya fedha za mikataba zilizohesabiwa. Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Sheria ya mwaka 1999 iliweka lengo la asilimia 3. Miaka minne ikapita kabla ya sheria nyingine, ya 2003, kuwapa maafisa manunuzi ruhusa ya kutenga zabuni kwa ajili ya kundi hili peke yake, na kwa miaka mingi hata hiyo asilimia 3 haikufikiwa. Mwishoni mwa 2023 Bunge lilipandisha lengo hadi asilimia 5.

Msomaji wa Nairobi ataukumbuka mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali ya Kenya kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wazo linafanana. Ila mwenye biashara aliyezoea habari za AGPO asije akadhani kwamba ile asilimia 5 ya Marekani ni fungu lililowekwa mahali likimsubiri. Ni lengo ambalo kila wizara hupimwa nalo na matokeo yake kuchapishwa kila mwaka. Afisa manunuzi anayetaka wizara yake ipate alama nzuri anamtafuta mwenye cheti anayeweza kazi, na neno zito hapo ni hilo la pili.

Kabla ya cheti, barua. Aliyetoka jeshini bila kufungua dai la ulemavu bado anaweza kulifungua, hata ikiwa imepita miaka. Mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW yana watu waliothibitishwa na VA ambao humwandalia mtu dai lake bure, na sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Tangu Agosti 2022, sheria iitwayo PACT imepanua sana orodha ya maradhi yanayochukuliwa moja kwa moja kuwa yalitokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine za kambini. Iraki na Afghanistan zimo kama ilivyotarajiwa, lakini zimo pia Somalia na Djibouti. Aliyetumikia Camp Lemonnier, kambi kubwa ya Marekani pale Djibouti, na sasa kifua kinambana au pua haiponi, asikubali kuambiwa kwamba vita vyake havikuwa vita.

Sasa cheti chenyewe. Tangu Januari 1, 2023 kinatolewa na SBA, mamlaka ya serikali ya shirikisho inayosimamia biashara ndogo. Zamani mtu aliweza kujitangaza mwenyewe kuwa anastahili na akaruhusiwa kushindana katika wizara nyingi; hilo limekwisha. Maombi hufanywa mtandaoni, hayana ada hata senti moja, na cheti hudumu miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. SBA hutaka kujua mambo mawili: nani mwenye kampuni, na nani anayeiendesha.

La kwanza linaonekana rahisi. Mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu, au zaidi ya mmoja wakiwa pamoja, lazima wamiliki asilimia 51 au zaidi, moja kwa moja na bila masharti. Familia nyingi za Kiafrika hukwama hapa, wala si kwa nia mbaya. Kaka ametoa akiba yake, shemeji ametoa lori, mwenye barua ya VA ametoa jina na jasho, na kwa kuwa ni ndugu wakakubaliana nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu haipiti. Wala haipiti karatasi inayosema asilimia 51 mbele, huku nyuma kuna makubaliano kwamba kaka akitaka anaweza kuzirudisha hisa, au kwamba hakuna uamuzi wa maana bila yeye kusaini. Mwenye hisa chache anaweza kupewa sauti katika mambo mazito machache, kama kuiuza kampuni au kuivunja. Akipewa kura ya kuzuia shughuli za kila siku, maombi yataanguka. Dawa ni kuandika fedha za ndugu kama mkopo wenye riba na tarehe za kulipwa, mbele ya mwanasheria, kabla ya kuomba cheti. Ndugu hapotezi kitu, na kampuni inabaki na mwenyewe mmoja anayejulikana.

La pili ndilo gumu zaidi. Mwenye barua lazima ashike cheo cha juu kabisa katika kampuni, afanye maamuzi ya muda mrefu na ya kila siku, na kwa kawaida awepo kazini saa za kazi. Akiwa ameajiriwa kwingine kutwa nzima, SBA itaanza na dhana kwamba si yeye anayeendesha, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo utakuwa wake. Mtu mwingine katika kampuni akilipwa zaidi yake, ataulizwa kwa nini.

Masharti haya hayakuandikwa na watu wanaopenda karatasi. Yaliandikwa na yaliyotokea. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilichunguza kampuni kumi tu zilizojiita za wanajeshi wenye ulemavu na ikakuta zilikuwa zimepata mikataba ya takriban dola milioni 100 kwa udanganyifu. Katika kesi moja ya Missouri, mtu aliyetajwa kuwa mwenye kampuni ya ujenzi, mwanajeshi wa zamani kweli na mwenye ulemavu kweli, alikuwa akifanya kazi ya kutwa katika ofisi ya Wizara ya Ulinzi huko Leavenworth, Kansas, huku wengine wakiendesha kampuni kwa jina lake na kukusanya takriban dola milioni 13.8. Mpango mwingine katika eneo la Kansas City ulikusanya mikataba ya zaidi ya dola milioni 300 kabla wahusika hawajafikishwa mahakamani na kufungwa. Wamarekani huuita mchezo huo kukodi mwanajeshi wa zamani.

Mara nyingi mchezo huanza kwa lugha tamu. Mkandarasi mzoefu anamjia askari wa zamani na kumwambia: wewe una barua, mimi nina mashine, fedha na watu, weka jina tu, kila mwezi utapata chako. Anayekubali hujiona amepata bahati. Hajui kwamba sheria ya 2010 inaichukua hasara ya serikali katika udanganyifu wa aina hii kuwa ni thamani yote ya mkataba, hata kama jengo lilijengwa na likasimama imara. Hajui pia kwamba saini iliyoko kwenye kila tamko ni yake. Tena anamnyang'anya mwenzake: kila mkataba uliochukuliwa kwa jina la kukodi ni mkataba aliokosa askari aliyeifanya kazi mwenyewe. Kwa hili mwandishi hana maneno ya kulainisha. Atakayeombwa jina lake akatae, na akikuta tayari jina lake limetumika, amwone mwanasheria kesho asubuhi.

Njia halali ya kushirikiana na mkubwa ipo. SBA ina mpango wa mlezi na mlelewa, ambao chini yake kampuni kubwa inaweza kumlea mdogo kwa hadi miaka sita, kumfundisha hesabu, kumkopesha vifaa, na hata kuunda naye ubia wa kuomba zabuni zilizotengwa. Tofauti na kukodi jina ni kwamba mkataba wa ulezi hukaguliwa na SBA kabla ya kuanza, na mdogo ndiye anayesimamia ubia.

Ndani ya VA kwenyewe mwenye cheti ana nguvu ya ziada, na nguvu hiyo ilipatikana mahakamani. Mwaka 2012 VA ilinunua huduma ya kutuma taarifa za dharura kwa ajili ya baadhi ya hospitali zake kutoka kwa kampuni isiyo ya mwanajeshi wa zamani. Kampuni ndogo ya Maryland, Kingdomware Technologies, ambayo mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu, ililalamika kwamba sheria ya 2006 iliitaka VA ianze kwa wanajeshi wa zamani. VA ikajibu kwamba lengo lake la mwaka lilikwisha kutimia, na kwa hiyo ilikuwa na hiari. Kampuni ikashindwa katika mahakama mbili. Ikaendelea. Juni 16, 2016 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura nane kwa sifuri kwamba sheria iliposema VA "sharti" itenge, ilimaanisha sharti: panapokuwa na matarajio ya haki kwamba kampuni mbili au zaidi za wanajeshi wa zamani zitaomba kwa bei inayofaa, zabuni itengwe kwa ajili yao, lengo limetimia au halijatimia. Hiyo ndiyo kanuni ya wawili. Kwa sababu yake, hospitali za VA, makaburi yake ya kitaifa na zahanati zake ndipo mahali pa kwanza pa kubisha hodi. Katika wizara nyingine afisa manunuzi ana uhuru zaidi wa kuchagua kundi la kulitengea.

Kanuni ya wawili ina siri moja inayosahaulika. Afisa atajuaje kwamba wawili wapo? Kabla ya kutangaza zabuni, mara nyingi hutoa tangazo dogo la kuuliza nani anaweza kazi hii. Tangazo hilo halina fedha, halina mkataba, na wengi hulipita. Ni kosa. Zikijibu kampuni mbili zenye cheti, kwa kurasa chache zinazoonyesha watu, vifaa na kazi za nyuma, afisa anapata sababu ya kuitenga zabuni. Asipojibu mtu, inakwenda kwa wote, na hapo mdogo atapambana na majitu.

Matangazo yote hayo huwekwa kwenye SAM.gov, na huko huko ndiko kila mzabuni anakosajiliwa. Usajili ni bure. Kampuni hupewa namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, ambayo tangu Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS, na usajili huhuishwa kila mwaka. Siku usajili unapokwisha, malipo na zabuni mpya vinaweza kusimama, kwa hiyo tarehe hiyo iandikwe ukutani. Mara tu kampuni inaposajiliwa, barua pepe huanza kumiminika: lipa dola mia tano usajili wako usifutwe, lipa dola elfu tupate cheti chako. Zimepambwa kwa nembo zinazofanana na za serikali, lakini serikali haitozi ada kwa usajili wala kwa cheti.

Mambo mawili madogo huwachelewesha watu wa kwetu zaidi kuliko wengine. La kwanza ni majina. Mtu wa majina matatu anaweza kuwa na jina la babu mwishoni kwenye hati ya kutoka jeshini, la baba kwenye leseni ya udereva, na herufi moja ya katikati kwenye hati za kampuni, na mashine inayolinganisha haina subira ya kuuliza nani ni nani. Ayasawazishe mapema. La pili ni anwani. Aliyekulia kwenye sanduku la posta huona ni jambo la kawaida kuandika sanduku la posta. SAM inataka mahali palipo na mlango, na jina la kampuni na anwani vifanane na hati za jimbo na za benki hadi kwenye nukta.

Kisha ni kuchagua kazi. Serikali hupanga biashara kwa namba za tarakimu sita za mfumo wa NAICS, na kila namba ina kipimo chake cha udogo. Katika viwango vya mwaka 2023, kampuni ya usafi wa majengo ilihesabiwa ndogo mradi wastani wa mapato yake ya mwaka usizidi dola milioni 22. Ya walinzi, milioni 29. Ya tafsiri na ukalimani, milioni 22.5, ya ujenzi wa majengo ya biashara na taasisi, milioni 45. Karibu kila msomaji wa makala hii ni mdogo, basi, na hilo lisimtie wasiwasi. La kumtia wasiwasi ni tamaa ya kujaza namba ishirini. Kampuni ya watu wanne inayodai kufanya usafi, ulinzi, ujenzi, kompyuta na tafsiri haiaminiki kwa lolote. Karatasi ya utambulisho wa kampuni, ile ya ukurasa mmoja anayopewa afisa manunuzi, inatakiwa kuonyesha kazi mbili tatu, wateja waliokwisha kuhudumiwa, ukubwa wa majengo yaliyosafishwa au maili zilizoendeshwa, na namba za utambulisho. Sifa za jumla kama "huduma bora kwa bei nafuu" ziachwe, nafasi ni finyu.

Tafsiri hasa inavutia wasemaji wa Kiswahili, na ni vyema kusema ukweli kuihusu. Mikataba mikubwa ya ukalimani hutaka lugha nyingi kwa pamoja na hushikwa na kampuni kubwa. Mwenye Kiswahili, Kinyarwanda na Kilingala anaweza kupata kazi nzuri chini ya kampuni hizo kama mkandarasi wao, akajenga jina. Usafi, ukataji nyasi na usafiri havina mvuto wa lugha ya mama, lakini kila kituo cha jeshi na kila zahanati ya VA huvinunua mwaka hadi mwaka.

Mahali pa kuumia zaidi ni bei. Mtu hupiga hesabu kwa mshahara wa chini wa jimbo lake, anaongeza sabuni na mafuta ya gari, anaweka faida, anashinda, na mwezi wa pili anagundua kwamba kila saa ya kazi inamla. Mikataba ya huduma ya serikali ya shirikisho inayozidi dola 2,500 iko chini ya sheria ya mishahara ya 1965, na ya ujenzi inayozidi dola 2,000 iko chini ya sheria ya 1931 iitwayo Davis-Bacon. Sheria hizo humlazimisha mwajiri kulipa kiwango kilichopangwa na Wizara ya Kazi kwa kazi ile, katika kaunti ile, pamoja na fungu la ziada la kila saa kwa ajili ya afya na marupurupu. Jedwali la viwango huambatanishwa na zabuni, mara nyingi mwishoni kabisa, baada ya kurasa ambazo watu wamechoka kuzisoma. Lisomwe kwanza. Kampuni inayolipa pungufu huamriwa kulipa tofauti yote ya nyuma, na inaweza kufungiwa zabuni kwa miaka mitatu.

Bei ina ndugu yake, naye ni muda. Serikali ni mlipaji mzuri: sheria ya 1982 huitaka ilipe ndani ya siku 30 tangu ipokee ankara sahihi, na ikichelewa hulipa riba. Lakini ankara hutumwa baada ya kazi. Tuseme wafanyakazi wanane wanalipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa wiki nne mishahara peke yake ni dola 23,040, kabla ya kodi, bima na lile fungu la afya. Ongeza mwezi wa kusubiri, na kampuni inahitaji zaidi ya dola 46,000 mkononi kabla senti ya kwanza haijaingia. Anayekwenda kuomba mkopo siku mishahara inapodaiwa amechelewa. Aende benki siku ile anapoamua kuomba zabuni, akiwa na hesabu hiyo kwenye karatasi. Kwa ujenzi kuna jambo la nyongeza: dhamana za kandarasi, ambazo bila hizo kazi kubwa haitolewi. SBA ina mpango wa kuwadhamini wadogo kwa kampuni za bima, na ni vyema kuanza nao kwa kazi ndogo.

Kazi ndogo zipo. Tangu Oktoba 1, 2025 ununuzi wa hadi dola 15,000 unaweza kufanywa kwa kadi ya serikali bila kushindanisha, isipokuwa huduma na ujenzi unaoguswa na sheria za mishahara, ambapo mpaka ni zile dola 2,500 na 2,000. Juu ya hapo, hadi dola 350,000, sheria huzihifadhi kazi kwa kampuni ndogo panapopatikana mbili au zaidi zinazoweza. Hakuna aibu kuanza kwa kuuza viti vya dola 9,000. Mwenye rekodi ya kwanza iliyokamilika kwa wakati anazungumza na afisa kwa sauti tofauti. Na kwa asiye na rekodi yoyote, kanuni za mashindano rasmi zinasema kukosa historia kusimpandishe wala kusimshushe.

Akishinda zabuni iliyotengwa, asiigeuze kazi ya wengine. Katika huduma, haruhusiwi kulipa zaidi ya asilimia 50 ya fedha za mkataba kwa wakandarasi wasio na hadhi kama yake. Katika ujenzi wa jumla kikomo ni asilimia 85, na katika kazi za ufundi maalumu kama umeme na mabomba ni 75. Fedha anazompa mwenzake mwenye cheti kama hicho hazihesabiwi katika kikomo, jambo linalowapa wadogo wawili sababu nzuri ya kushikana mikono.

Kuyajua haya yote peke yake kunachosha, na mtu hatakiwi kuyajua peke yake. Kuna vituo zaidi ya 90 vinavyoitwa APEX Accelerators, vilivyoanza mwaka 1985 kwa jina jingine, vinavyogharimiwa kwa sehemu na Wizara ya Ulinzi. Washauri wake huketi na mwenye biashara, hupitia naye usajili, karatasi ya utambulisho na hata zabuni kabla haijatumwa, bure au kwa ada ndogo. SBA nayo ina vituo vya biashara vya maveterani, na kwa wanaokaribia kutoka jeshini kuna kozi ya Boots to Business inayotolewa kambini. Kabla ya kumlipa mshauri yeyote, mwenye biashara amalize kwanza milango hii. Kanuni za ununuzi zimekuwa zikiandikwa upya tangu 2025, na mshauri wa APEX ndiye atakayejua kifungu kipi kimehama.

Atashindwa mara kadhaa. Barua ya kukosa ikifika, katika mashindano rasmi ana siku tatu za kuomba kwa maandishi aelezwe kwa nini, na akiomba ndani ya siku hizo afisa anawajibika kumweleza wapi maombi yake yalikuwa dhaifu. Watu wengi huifuta barua hiyo kwa hasira. Maelezo yale ni somo la bure kutoka kwa mtu aliyesoma maombi yote, na anayekwenda kusikiliza bila kugomba hukumbukwa.

Kuna mazungumzo mengine ambayo hayafanyiki mezani kwa afisa, bali nyumbani. Ulemavu wa kijeshi huzidi na umri. Mwenye kampuni akifikia ulemavu kamili na wa kudumu, kanuni humruhusu mke au mume wake, au mlezi wake wa kudumu, kuiendesha kampuni kwa niaba yake bila kupoteza hadhi. Akifariki, mwenzi aliyerithi hisa anaweza kuendelea na hadhi hiyo kwa hadi miaka 10 ikiwa marehemu alikuwa na kiwango cha asilimia 100 au alikufa kwa ulemavu ule ule, na miaka mitatu kwa wengine, mradi asiolewe au kuoa tena na asiziachie hisa. Kwa hiyo cheti cha ndoa, iliyofungwa Mombasa, Arusha au Bukavu, kitafsiriwe na kiwekwe pamoja na barua ya VA, hati ya kutoka jeshini, wosia na maneno ya siri ya SAM, mahali ambapo mwenzi anapajua na ana ufunguo wake.